Dhahabu Inayozima Mwanga

Mama uliye jikoni, usiache sufuria iungue, ila vuta redio karibu kidogo. Jioni hii tunazungumza juu ya dhahabu. Hapa Ituri kila mtu ana lake la kusema juu ya dhahabu, lakini hii ya leo haijawahi kuwekwa kwenye mizani ya mnunuzi. Ni ndogo mno, jicho haliioni, na kazi yake iko hospitalini.

Nianze na swali. Mtoto wako ameshikwa na homa. Umempeleka kituo cha afya, wamempima kwa kipimo cha haraka, TDR, mstari umetokea: malaria. Amepewa dawa, amemeza siku zote 3, amepona, anakimbia na wenzake. Baada ya wiki 2 anapata mafua na joto kidogo. Unarudi naye kituoni, wanampima TDR ile ile, na mstari unatokea tena. Je, malaria haikuisha? Je, dawa zilikuwa za uongo?

Wazazi wengi wanajibu hapohapo: dawa haikufanya kazi. Wengine wanapita sokoni kununua vidonge vingine kwa mtu ambaye hawamjui. Shikeni swali hilo, nitalijibu kabla hatujaagana. Lakini ili nilijibu vizuri, tuitazame kwanza hiyo TDR yenyewe, maana wengi wetu tumechomwa kidole mara nyingi bila kujua kilichomo ndani ya kile kiplastiki.

Muuguzi anafuta kidole kwa pombe, anachoma, anachukua tone moja la damu, analiweka kwenye kitundu kidogo. Kwenye kitundu cha pili anadondosha matone machache ya maji ya dawa. Ukitazama kwa makini utaona wekundu hafifu unapanda polepole kwenye karatasi nyeupe. Dakika 15 au 20 zinapita. Mstari wa kwanza, wa herufi C, lazima utokee, kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Ukitokea na wa pili, wa herufi T, jibu ni malaria.

Sasa, ule wekundu ni nini? Watu wengi niliowauliza wanasema ni damu ya mtoto. Hapana. Katika TDR nyingi, ule wekundu ni dhahabu. Ni dhahabu kweli, ile ile ya machimbo ya Mongbwalu kwa asili yake, lakini imetengenezwa kuwa chembe ndogo sana zinazoelea majini. Mwambie mwanafunzi akuletee rula yake, utazame milimita 1. Igawe mara milioni 1. Kila kipande ni nanomita 1. Chembe za dhahabu za kwenye TDR zina upana wa makumi machache tu ya nanomita, na zikiwa ndogo hivyo haziwi njano tena: zinakuwa nyekundu kama divai. Mwingereza Michael Faraday alilieleza jambo hilo mbele ya wanasayansi wenzake mwaka 1857, na baadhi ya chupa zake zenye dhahabu nyekundu zimehifadhiwa London mpaka leo.

Kwa hiyo, msikilizaji, vitu vya nano si habari ya mbali. Viko kwenye kituo chako cha afya. Umeshavitumia.

Turudi kwenye mstari. Hizo chembe za dhahabu zimevikwa vitu vinavyoshika protini moja ya kimelea cha malaria. Kwa TDR nyingi zinazotumika Afrika, protini hiyo inaitwa HRP2. Kimelea kinaitoa kwa wingi, inamwagika kwenye damu. Na hapa ndipo penye tatizo: dawa ikiua vimelea vyote leo, HRP2 haiondoki leo. Inaweza kukaa kwenye damu wiki kadhaa. Mstari unaweza kutokea na hakuna kimelea hata kimoja kilicho hai.

Nairudia, maana ni kiini cha mazungumzo yetu. Mstari ule unasema protini ya kimelea ipo. Hausemi kimelea kinaishi. Kuwepo kwa kitu na kufanya kazi kwa kitu ni mambo mawili. Ukihesabu majembe yaliyoegemezwa ukutani mwa nyumba, umejua majembe ni mangapi. Hujajua shamba limelimwa kiasi gani. Ukitaka kujua, nenda shambani utazame matuta.

Na ndani ya mwili, wanaolima ni nani? Ni vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini yenye kazi maalum: inakata, inaunganisha, inageuza kitu kimoja kuwa kingine, na kuharakisha mambo ambayo bila hiyo yangechukua muda mrefu sana. Tafuna kipande cha mkate mkavu bila kumeza, hesabu hadi mia. Unaanza kuhisi utamu, sivyo? Kimeng'enya kilichomo kwenye mate kimeanza kugeuza wanga kuwa sukari. Na mama zetu wanapoloweka mihogo michungu siku kadhaa kabla ya kuianika na kuitwanga unga, wanafanya kazi na kimeng'enya. Mhogo wenyewe unacho. Unapolainika majini, kimeng'enya hicho kinakutana na kitu kinachobeba sumu ya sianidi, kinakivunja, na sumu inatoka, inaenda na maji na hewa. Ndiyo maana nawasihi: msifupishe siku za kuloweka kwa sababu ya haraka ya soko. Kule Kahemba, magharibi mwa nchi yetu, watoto na wanawake wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, na mihogo isiyolowekwa vya kutosha, pamoja na upungufu wa vyakula vya protini, ndiyo chanzo kinachojulikana.

Kimelea cha malaria nacho kina vimeng'enya vyake. Kimoja kinaitwa pLDH, nacho kinakisaidia kupata nguvu kutoka kwenye sukari ya damu yetu. Kimelea hai kinakitengeneza kila siku. Kimelea kikifa, kimeng'enya hicho kinapungua upesi, haraka kuliko ile HRP2. Tangu mwaka 1993, Michael Makler na mwenzake huko Marekani walionyesha namna ya kupima kazi ya pLDH: walikipa kitu ambacho kimeng'enya cha kimelea kinakitumia kwa kasi, lakini kimeng'enya cha binadamu kinakitumia polepole sana. Ukiona kazi inakwenda kasi, umejua mwenye kazi ni kimelea.

Nawaambia jambo ambalo hata baadhi ya wauguzi hawalijui. Kuna TDR zinazotafuta pLDH. Ni nzuri, na zinasaidia pale HRP2 inapodanganya. Lakini hata hizo zinakamata mwili wa kimeng'enya. Haziangalii kama kinafanya kazi. Kupima kazi yenyewe kwa tone la damu, upesi, bila labo kubwa, ni jambo wanasayansi wanaloendelea kulihangaikia. Na mojawapo ya silaha wanazozitegemea ni mwanga.

Mwanga gani? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna vitu ambavyo ukivimulika kwa mwanga wa aina moja, vinarudisha mwanga wa rangi nyingine. Wanasayansi wanaita fluoresensi. Mfano tunaoujua vizuri ni kwinini. Ndiyo, kwinini, ile chungu, iliyotibu malaria ya babu zetu, na ambayo kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa kikiitoa kwenye magome ya mti. Iyeyushe kwenye maji yenye asidi kidogo, imulike kwa taa ya urujuanimno gizani, itang'aa bluu. John Herschel aliandika juu ya mng'ao huo mwaka 1845, na George Stokes akaueleza kisayansi mwaka 1852. Somo la fluoresensi, kwa sehemu kubwa, lilianzia kwenye dawa ya malaria.

Sasa tuunganishe mambo mawili, mwanga na kimeng'enya. Kuna kipimo cha tangu mwaka 1966, kilichobuniwa na daktari Ernest Beutler, na kwangu mimi ni kati ya vipimo vizuri sana vilivyowahi kubuniwa kwa ajili ya watu kama sisi. Kinapima kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Kimeng'enya hiki kinalinda chembe nyekundu za damu zisiharibike. Watu wengi katika nchi zenye malaria, wakiwemo Wakongo wengi, wamezaliwa nacho kikiwa dhaifu. Kwa kawaida hawaumwi, tena udhaifu huo unawapunguzia malaria kali kwa namna fulani. Lakini wakimeza dawa fulani, kama primakwini, au dapsoni inayotumika kutibu ukoma, damu inaweza kuvunjika. Mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, mtu anaishiwa damu. Hata vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kwenye nguo ili mende wasile, mtoto mchanga mwenye udhaifu huu akivishwa nguo iliyokaa navyo, anaweza kupata manjano ya hatari. Mama, kama nguo za mtoto zilikaa na naftalini, zifue na kuzianika vizuri kwanza. Afadhali kuacha kabisa kutumia naftalini kwa nguo za mtoto.

Beutler alifanya nini? Tone la damu linachanganywa na maji ya dawa. Linasubiri dakika chache. Kisha linadondoshwa kwenye karatasi ya kuchuja, linakauka, na karatasi inawekwa chini ya taa ya urujuanimno. Kama G6PD inafanya kazi, doa linang'aa, kwa sababu kimeng'enya kimetengeneza kitu kinachong'aa. Kama hakifanyi kazi, doa linabaki giza. Kipimo hakiulizi kama kimeng'enya kipo. Kinauliza kama kinafanya kazi, na jibu linakuja kwa mwanga. Karatasi na taa, basi.

Kina kasoro, lazima niseme. Maji yale ya dawa yanahitaji kutunzwa kwenye baridi. Na kinawakosa wanawake wengi, kwa sababu mwanamke anaweza kuwa na kimeng'enya cha kati na kati, doa lake likang'aa hafifu, msomaji akasema ni zima. Hapo jicho halitoshi. Tunahitaji kitu kinachosema ni kiasi gani, si ndiyo au hapana peke yake.

Na hapa ndipo dhahabu inaporudi, wapenzi wasikilizaji, lakini safari hii si kwa wekundu wake. Inarudi kwa sababu dhahabu ndogo inazima mwanga.

Inazimaje? Chukua chembe ya dhahabu ya nano. Juu yake funga minyororo mifupi, vipande vya protini. Kwenye ncha ya kila mnyororo weka molekuli moja inayong'aa. Sasa imulike. Haing'ai! Iko karibu mno na dhahabu, na nguvu iliyopata kutoka kwenye taa inanyonywa na dhahabu kabla haijatoka kama mwanga. Mjerumani Theodor Förster alieleza miaka ya 1940 jinsi molekuli mbili zinavyopokezana nguvu hivyo zikiwa karibu, umbali usiozidi nanomita 10 hivi. Dhahabu inaweza kunyonya kutoka mbali zaidi ya hapo.

Sasa dondosha sampuli yenye kimeng'enya kinachojua kukata mnyororo ule. Kinakata mmoja. Molekuli inaachiliwa, inaelea mbali na dhahabu, inang'aa. Kinakata wa pili, wa tatu, wa elfu. Mwanga unapanda. Kimeng'enya kikiwa kingi na chenye nguvu, mwanga unapanda haraka. Kikiwa dhaifu, unapanda polepole. Kikiwa kimekufa, giza linabaki giza. Kasi ya mwanga kupanda ndiyo kasi ya kazi. Nairudia: hatuhesabu vimeng'enya, tunatazama kazi ikifanyika mbele ya macho yetu.

Je, hili ni la vitabuni tu? Hapana. Wazo lenyewe, la kitu kinachong'aa kikiwa kimefungwa karibu na kinachokizima, tayari liko Ituri. Mnakumbuka miaka ya Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, sampuli zilivyopimwa kwa mashine za GeneXpert? Mashine hizo hizo zinapima kifua kikuu. Ndani ya kibweta kinachoingizwa kwenye mashine ili kupima kifua kikuu kuna vipande vya DNA vilivyojikunja, ncha moja ina rangi inayong'aa na ncha nyingine ina kizimaji. Vikikutana na DNA ya kijidudu, vinajikunjua, na mwanga unatokea. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba kizimaji hicho kikibadilishwa na chembe ndogo ya dhahabu, kinazima vizuri zaidi, na hivyo mwanga ukitokea hauna shaka.

Kuna vitu vingine vya nano mbali na dhahabu. Vipo vinavyozima, kama karatasi nyembamba za kaboni ziitwazo grafini. Na vipo vinavyong'aa vyenyewe: chembe za nano ambazo rangi yake inategemea ukubwa wake, ndogo bluu, kubwa kidogo nyekundu, ingawa zimetengenezwa kwa kitu kile kile. Kwa kazi hiyo watu 3 walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, na mmoja wao, Moungi Bawendi, ni mtoto wa mwanahisabati kutoka Tunisia. Faida yake kwa kipimo ni kwamba unaweza kutumia rangi 3 au 4 kwa pamoja, kila rangi kwa kimeng'enya chake, ndani ya tone moja.

Na wanaotumia vipimo hivi si madaktari wa malaria peke yao. Uvimbe wa saratani unatoa vimeng'enya vinavyokata protini, na wanaviwinda. Mwaka 2019 watafiti wa London na Marekani walitumia vishada vya dhahabu vya nanomita 2 hivi: waliviingiza kwenye mwili wa panya wenye saratani, vimeng'enya vya uvimbe vikakata vifungo, dhahabu ikapita kwenye figo, na mkojo ulipotiwa dawa ukageuka bluu. Panya wazima mkojo wao haukugeuka. Ni panya bado, si binadamu, naomba asitokee mtu hapa Bunia kuuza chupa ya dhahabu ya kutibu saratani. Ni kipimo, tena cha maabara.

Wako pia wanaopima vimeng'enya vya mbu. Mbu anayetua juu ya chandarua chenye dawa na asife, mara nyingi mwilini mwake kuna vimeng'enya vingi vinavyoivunja ile dawa. Kazi ya vimeng'enya hivyo nayo inapimwa kwa vitu vinavyong'aa. Ndiyo sababu kuna vyandarua vipya vilivyoongezwa kitu kinachoitwa PBO, kinachowazuia mbu kutumia vimeng'enya hivyo. Na wakulima wa kakao kule Mambasa na wa mboga kandokando ya mji wa Bunia, mnaopulizia dawa za wadudu bila kitambaa puani: aina nyingi za dawa hizo zinafunga kimeng'enya cha neva zenu wenyewe. Kuna vihisi vya mwanga vinavyokipima. Lakini msisubiri kihisi. Funikeni pua na mdomo, na mnawe mikono kabla ya kula.

Sasa nizungumze juu ya ugumu, kwa sababu sipendi redio inayoahidi mbingu. Damu ni nyekundu, na wekundu huo unameza mwanga. Kipimo kinachofanya kazi vizuri kwenye maji safi kinaweza kushindwa kwenye damu. Tena chembe ya nano ikiingia kwenye damu, protini nyingine zinaivamia na kuifunika, na kimeng'enya tunachokitaka kinashindwa kufikia mnyororo wake. Baadhi ya chembe zinazong'aa zina kadimiamu, ambayo ni sumu, na lazima ijulikane zitatupwa wapi. Halafu kuna joto, kuna umeme unaokatika, na kuna mashine ya kusoma mwanga inayoharibika wakati fundi wa karibu yuko Kampala. Hong Kong kuna watafiti waliopata njia nyingine: wanakamata kile kimeng'enya cha malaria, pLDH, kwa kipande cha DNA, kisha wanakiacha kifanye kazi yake na kutoa rangi ambayo jicho linaiona. Njia za namna hii, zinazopima kazi bila kudai mashine kubwa, ndizo ninazoziombea kwa ajili ya Ituri.

Na kuna jambo linalonigusa zaidi. Dhahabu imechimbwa katika ardhi hii tangu mwanzo wa karne ya 20, enzi za machimbo ya Kilo-Moto. Inatoka kwa gramu na kilo. Inarudi kwetu kama wekundu kwenye TDR iliyotengenezwa ng'ambo, na sisi hatujui hata kwamba ni dhahabu. Je, kutengeneza chembe hizo ni uchawi? Njia inayotumika zaidi ilielezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951. Maji yenye chumvi ya dhahabu, ya njano hafifu, yanachemshwa. Yanatiwa sitrati, chumvi inayotokana na asidi ile ile iliyomo kwenye ndimu. Rangi ya njano inapotea, maji yanakuwa kama hayana kitu, kisha yanakuwa bluu iliyokolea, karibu nyeusi, kisha zambarau, na mwisho yanatulia kwenye wekundu wa divai. Dakika chache tu. Ukidondosha humo chumvi ya mezani, chembe zinagandamana na wekundu unageuka bluu. Mwanafunzi akiona hivyo mara moja, hasahau.

Nasema mwanafunzi, sisemi wewe nyumbani. Chumvi ya dhahabu inatengenezwa kwa asidi kali sana zenye mvuke unaounguza mapafu, na tayari vijana wetu machimboni wanavuta zebaki ya kutosha. Hii ni kazi ya maabara yenye hewa nzuri, miwani na mwalimu.

Na walimu tunao. Tuna Chuo Kikuu cha Bunia, tuna chuo cha ualimu cha ISP, tuna shule za juu za ufundi wa tiba. Naomba jambo moja kwao, na naliomba kwa moyo wote. Msisubiri mashine ya dola elfu nyingi ndipo muanze kufundisha kupima kazi ya kimeng'enya. Anzeni na taa ndogo ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti za dola, na kwinini kidogo kwenye glasi. Mfundisheni kijana wa labo aone tofauti kati ya kinachong'aa na kisichong'aa. Kisha mpeni kipimo cha Beutler. Kisha mumweleze kuhusu dhahabu inayozima. Siku kihisi cha nano kitakapofika Bunia, na kitafika, kitamkuta mtu anayekielewa, anayejua kinapodanganya. Kipimo kipya mikononi mwa mtu asiyejua kinachopimwa ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Huo ndio msimamo wangu.

Sasa swali letu la mwanzo, nimeahidi kulijibu. Mtoto alipimwa, akatibiwa, akapona, na baada ya wiki 2 mstari umetokea tena. Je, malaria imerudi? Jibu: mstari peke yake hauwezi kukuambia. Inawezekana ni HRP2 iliyobaki, na homa hii inatoka kwingine. Inawezekana pia ameumwa na mbu mwingine na ana malaria mpya, maana hapa kwetu mbu hawapumziki. Kwa hiyo usimnyime matibabu, na usimnunulie vidonge sokoni. Omba apimwe damu kwa mikroskopi, pale vimelea vyenyewe vinapoonekana, na daktari au muuguzi atazame masikio, koo, mapafu na mkojo.

Na jambo moja linalowezekana kuanzia kesho asubuhi, lisilohitaji fedha. Kwenye kadi ya mtoto, andika tarehe aliyopimwa TDR, jibu lilikuwa nini, na dawa gani alimeza mpaka siku gani. Kama hujui kuandika, mwombe muuguzi akuandikie kabla hujatoka mlangoni. Ukirudi na homa nyingine, onyesha kadi hiyo kabla hawajachoma kidole. Na mtoto akipata homa, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje usiku upite.